Kabla ya Kufungua Kufuli, Shika Tupa

Bibi yangu mzaa mama alipofariki, huko Nyandira, Mgeta, aliacha sanduku la bati lililofungwa kwa kufuli dogo la shaba. Ufunguo haukuonekana. Tulikung'uta magodoro, tukapekua mikoba, tukapapasa juu ya kenchi, wapi! Baada ya arobaini mjomba akaita kikao cha ukoo, maana kwetu Waluguru mali ya namna ile ni ya watu wa upande wa mama. Kijana mmoja akashauri iletwe tindo na nyundo. Mjomba akakataa. Sanduku lile bibi alilinunua kwa pesa ya kabichi na njegere zake mwenyewe, akalitunza miaka yote bila kubonyea. Mjomba hakutaka libonyezwe siku ambayo mwenyewe hayupo.

Akanigeukia. "Mjomba," akaniita, kama wajomba na wapwa tunavyoitana, "nasikia huko mjini unacheza na makufuli. Haya, fungua. Lakini ufungue hapa hapa, mbele yetu sote."

Mfukoni nilikuwa na vipande viwili vya chuma nilivyovichonga mwenyewe, kimoja kutokana na bapa la msumeno wa kukatia chuma, kingine kutokana na waipa ya gari. Kufuli lilikuwa limeshika kutu ya masika mengi. Nikalitia matone ya mafuta ya cherehani, nikaligongagonga taratibu kwa mpini wa nyundo, nikaliacha nusu saa huku wazee wakinywa chai. Nikajaribu, nikashindwa. Nikapumzisha vidole, nikajaribu tena. Mara ya nne kiini kikazunguka na pete ikachomoka. Bati halikupata hata mkwaruzo.

Tangu siku ile vijana wa ukoo, na baadaye majirani wa hapa Morogoro mjini, wamekuwa wakiniuliza vifaa vile vinauzwa wapi. Jibu langu halijabadilika: usinunue, chonga. Sisemi hivyo kwa sababu ya bei. Kinachofungua kufuli ni vidole vinavyoweza kuhisi jambo dogo kuliko unene wa karatasi, na vidole vya namna hiyo hupatikana kwenye tupa. Anayenunua vifaa vilivyo tayari anaanza safari katikati ya njia, na baada ya wiki mbili hukata tamaa bila kujua alichokosa. Makala hii ni kwa yule aliye tayari kuanzia mwanzo.

Burudani yenye heshima

Watu wengi wakisikia mtu anafungua kufuli bila ufunguo, wanafikiria wizi. Wana haki ya kuogopa. Hata hivyo, sanaa hii ina historia ndefu ya watu waliofanya kazi yao mchana, mbele ya macho ya watu. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, fundi Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs alifungua mbele ya mashahidi kufuli la kampuni ya Chubb lililosifiwa kuwa halifunguliki. Kisha akaligeukia kufuli la Bramah, lililokuwa limewekwa dirishani kwa miongo mingi pamoja na ahadi ya zawadi ya guinea 200 kwa atakayeliweza. Alilifanyia kazi saa 51, zilizogawanyika katika siku 16, kwa vifaa alivyoviandaa kwa ajili ya kufuli hilo hilo. Watengeneza makufuli wa Uingereza waliumia moyo, lakini baada ya pale walilazimika kutengeneza makufuli bora zaidi.

Siku hizi nchi nyingi zina vyama vya wapenzi wa ufundi huu. Huko Hamburg, Ujerumani, chama cha namna hiyo kilianzishwa mwaka 1997, na Uholanzi nako wapo. Hukutana, hushindana, hufundishana kuchonga vifaa. Wamejiwekea kanuni mbili ambazo nakuomba uzibandike ukutani juu ya meza yako ya kazi. Ya kwanza: fungua kufuli lako tu, au la mtu aliyekuruhusu waziwazi. Ya pili: usilichezee kufuli linalotumika, hata likiwa lako, kwa sababu linaweza kukwama na kukuacha nje usiku.

Hapa kwetu nami nimeongeza ya tatu, niliyojifunza kwa mjomba: fanya mbele ya watu. Ruhusa ya siri haina maana. Jirani akikwambia amepoteza ufunguo wa stoo, mwambie aje mwenyewe na mtu mwingine wa nyumba ile, mlisimamie jambo hilo pamoja. Akisita, wewe rudi nyumbani.

Sheria nayo iko wazi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na kazi ya kueleza sababu hiyo ni yake yeye aliyekutwa navyo. Kwa hiyo vifaa vyako vikae nyumbani, kwenye kisanduku, pamoja na makufuli yako ya mazoezi. Ukilazimika kuvipeleka mahali, vipeleke mchana, na aliyekuita awe anajulikana. Usitembee navyo mfukoni kama sifa. Mwambie na balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa kwamba hii ndiyo burudani yako, umwonyeshe meza yako. Mimi nilifanya hivyo, na tangu hapo yeye ndiye wa kwanza kuniletea makufuli mabovu.

Mji wenye historia ya milango

Kwa Morogoro habari ya milango na vifungo si ngeni. Karne ya 19, kabla ya reli kufika hapa mwaka 1907, palikuwa na mji wenye ngome uliojengwa na Kisabengo, kiongozi mwenye asili ya Uzigua, na baadaye ukatawaliwa na binti yake, Simbamwene. Ulikaa kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta umezungukwa na ukuta wa mawe wenye malango makubwa, na milango yake ilikuwa ya mbao ngumu iliyochongwa nakshi nyembamba za Kiarabu. Alihisi imechongwa Unguja au kwingineko pwani.

Huwa nawakumbuka mafundi wale ninapokaa na tupa. Mchonga nakshi wa pwani na anayechonga ndoano ya kufuli wanafanya kazi moja: kuondoa kidogo kidogo kisichotakiwa, bila kugusa kinachotakiwa. Ukikata zaidi ya ulivyokusudia, mbao hairudi, na chuma hakirudi.

Kwanza lijue kufuli

Usishike chuma kabla hujajua kinakwenda kufanya nini. Makufuli mengi ya madukani kwetu, pamoja na vitasa vingi vya milango, hutumia mfumo wa pini ulioboreshwa na Mmarekani Linus Yale mdogo katika miaka ya 1860, akiendeleza kazi ya baba yake. Ndani ya mwili wa kufuli kuna kiini cha mviringo, pale unapoingiza ufunguo. Juu ya kiini kuna vishimo vilivyojipanga mstari mmoja, kwa kawaida vinne hadi sita. Kila kishimo kina pini mbili zilizopandana, na juu yake springi ndogo inayozisukuma chini. Ufunguo usipokuwamo, pini za juu hukaa nusu ndani ya mwili na nusu ndani ya kiini, zikakizuia kisizunguke. Ufunguo sahihi ukiingia, meno yake huinua kila jozi hadi mahali pini mbili zinapokutana palingane na mpaka wa kiini na mwili. Hapo kiini huwa huru.

Siri yote ya burudani hii iko kwenye udhaifu mmoja wa viwanda. Hakuna mashine inayotoboa vishimo vitano vikawa kwenye mstari ulionyooka kabisa. Kimoja huwa kimepinda kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Ukikisukuma kiini kidogo kana kwamba unataka kukizungusha, pini moja hubanwa kabla ya nyingine. Ukiinua hiyo iliyobanwa hadi mpakani, kiini husogea unywele mmoja, na pini nyingine hubanwa. Basi unaitafuta hiyo, kisha inayofuata, hadi zinaisha.

Kwa hiyo unahitaji vitu viwili tu. Kimoja cha kusukumia kiini, mimi hukiita kikaza. Kingine cha kuinulia pini moja moja, hicho nakiita ndoano. Vifaa vingine vyote utakavyoviona kwenye picha ni ndugu wa hivyo viwili. Achana navyo kwa mwaka wa kwanza.

Chuma kiko miguuni pako

Ndoano inataka chuma chembamba, kigumu, chenye tabia ya springi: ukikipinda kidogo kirudi kama kilivyokuwa. Bati la debe halifai, linapinda na kubaki limepinda. Msumari nao ni laini mno.

Chaguo langu la kwanza ni bapa la msumeno wa kukatia chuma. Lina unene wa karibu milimita 0.65, upana wa milimita 12 na nusu na urefu wa sentimita 30, kwa hiyo bapa moja linatoa ndoano mbili au tatu. Mafundi wa mageti hutupa yaliyokatika kila siku. Pita kwenye karakana yoyote, salimia vizuri, eleza unataka nini, utaondoka na mkono mzima wa vipande. Chagua bapa linalopindika. Lile linalovunjika kama kioo ukilipinda ni gumu mno kwa anayeanza.

Chaguo la pili ni chuma cha waipa. Ndani ya mpira wa waipa za kawaida mna vipande viwili vyembamba virefu vya chuma kisichoshika kutu. Kwenye magereji ya Msamvu, mahali ambapo mabasi ya Dodoma, Iringa na Dar es Salaam hayaishi kupita, waipa zilizochoka hutupwa tu. Vipande hivyo ndivyo vinavyofaa kwa kikaza.

La tatu ni mbavu za mwavuli. Anayeishi chini ya milima ya Uluguru anajua masika yanavyovunja miavuli, hasa upande wa mashariki, Kinole na Tegetero, ambako mvua haina adabu. Mbavu nyingi ni laini, lakini za mwavuli wa zamani mara nyingine hutoa chuma kizuri. Spoku ya baiskeli pia hufaa: ponda ncha yake kwa nyundo juu ya chuma kizito hadi iwe bapa, kisha uitie tupa.

Kwa kazi yenyewe tafuta tupa mbili, moja bapa ya kawaida na nyingine ndogo ya mviringo, jiliwa, hata dogo la kubana kwenye meza, misasa ya namba 240, 400 na 800, kalamu ya wino usiofutika, koleo, na miwani ya kukinga macho. Usidharau miwani. Kipande cha bapa kikikatika huruka, na jicho halina spea.

Kuchonga ndoano, hatua kwa hatua

Chora kwanza umbo kwenye karatasi. Ndoano ya mwanzo iwe na shina la urefu wa sentimita sita hivi, lenye kimo cha milimita mbili na nusu, na ncha iliyoinuka kwa upole kama kichwa cha mtu anayechungulia dirishani. Kuanzia ncha hadi chini isizidi milimita tano, la sivyo haitaingia kwenye tundu la ufunguo. Upande wa nyuma uache upana wote wa bapa. Huo ndio mpini. Kata karatasi, ibandike juu ya chuma kwa gundi.

Ondoa kwanza meno ya msumeno. Meno hayo ni magumu kuliko mgongo wa bapa, na tupa ya kawaida huteleza juu yake. Hapo tumia jiwe la kunolea au grainda ya fundi, lakini kwa tahadhari moja kubwa: joto. Chuma kigumu kikipata moto hubadilika rangi, kwanza manjano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Buluu huja kwenye nyuzi 300 hivi za Selsiasi, na ukipita pale ugumu huanza kukimbia. Kwa hiyo gusisha kwa sekunde mbili, chovya kwenye maji, gusisha tena. Kanuni yangu ni rahisi: kidole kikishindwa kuvumilia, chuma kimechelewa maji.

Baada ya meno kwisha, zima grainda. Kuanzia hapa ni tupa na mkono. Bana bapa kwenye jiliwa, sehemu unayoichonga iwe karibu kabisa na mdomo wa jiliwa. Ukiiacha mbali, chuma kitatetemeka, kitapiga kelele, na tupa itaruka. Sukuma tupa mbele kwa uzito, irudishe ukiwa umeiinua. Meno ya tupa yameelekea mbele. Kuivuta nyuma huku umeikandamiza ni kuiua. Kila mipigo kumi, safisha tupa kwa brashi ya waya.

Shuka hadi karibu na mstari wa karatasi, lakini acha nusu milimita. Hiyo utaimaliza mwisho, polepole, kwa tupa ndogo. Na hapa nakupa ushauri ambao ungeniokolea ndoano nyingi za mwanzo: pale shina linapokutana na mpini, na pale ncha inapoinuka, usiache kona kali. Pazungushe kwa tupa ya mviringo. Chuma hupasukia kwenye kona kali, kama kanga inavyochanikia pale ilipopata mkato mdogo. Ndoano yenye kona laini hupinda na kurudi. Yenye kona kali hukatikia ndani ya kufuli, na hapo umelipoteza kufuli lenyewe.

Kisha ingia kwenye msasa. Anza na 240, kisha 400, kisha 800, daima kwa kufuata urefu wa shina, usikatishe kwa upana. Mikwaruzo ya kukatisha ni nyufa zinazosubiri siku. Malizia kwa kitambaa na majivu laini yaliyochekechwa, yale yale bibi zetu waliyosugulia sufuria. Pitisha ncha juu ya ngozi ya kidole gumba: isikwaruze popote. Ndoano inayokwaruza kidole itakwaruza pini, na pini ikikwaruzwa haitakwambia kitu.

Mpini uzungushie ukanda wa tyubu ya baiskeli, uukaze vizuri. Ukiwa na rafiki seremala, omba mabaki ya mninga, yapasue katikati, ulaze chuma ndani na kugandisha. Mkono ukishika mbao iliyopigwa msasa vizuri hutulia, na mkono uliotulia husikia zaidi.

Ndoano ya kwanza itakuchukua jioni mbili au tatu. Ya tano itakuchukua saa moja na nusu. Zihifadhi zote, hata mbovu. Mimi bado ninayo ya kwanza kabisa: ina ncha nene kama kijiti cha kiberiti na shina lililoliwa upande mmoja. Nikimfundisha mtu, humwonyesha hiyo kabla ya nyingine zote.

Kikaza, chombo kinachodharauliwa

Wanaoanza huwekeza moyo wote kwenye ndoano, wakakata waya wowote kuwa kikaza. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ndoano huinua pini, lakini kikaza ndicho kinachokuambia kama pini imefika. Kwa maneno mengine, kikaza ndicho sikio lako.

Kata kipande cha chuma cha waipa chenye urefu wa sentimita kumi. Pima sentimita moja kutoka mwisho. Pasha moto hapo tu, kwa jiko la gesi au makaa yaliyopulizwa, hadi pawe pekundu kidogo, kisha pinda kwa koleo hadi iwe kona ya mraba yenye mgongo wa mviringo. Acha ipoe yenyewe bila maji. Mguu mfupi uchonge kwa tupa hadi uingie chini ya tundu la ufunguo bila kulegalega na bila kuziba njia ya ndoano. Tengeneza vitatu, vya upana tofauti kidogo, kwa sababu matundu hayafanani.

Mazoezi ya siku arobaini

Usianze na kufuli lililofungwa na fundi wa kiwandani. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue kitasa kidogo cha bei nafuu chenye silinda inayotoka. Kaa mezani, tandika taulo ndani ya sinia ili vitu vidogo visipotee. Toa kibanio cha nyuma, ingiza ufunguo, ugeuze kidogo, kisha sukuma kiini kitoke huku ukifuatisha kwa kijiti cha mbao chenye unene sawa na kiini. Kijiti hicho ndicho kinachozuia springi zisiruke. Sasa toa pini zote, zipange kwa mpangilio wake, halafu rudisha jozi moja tu.

Fungua silinda yenye pini moja. Ni rahisi, na ndiyo maana unatakiwa uirudie mara mia. Wiki ijayo weka mbili. Kisha tatu. Ukifika nne, utagundua kwamba hutumii macho tena. Fumba macho. Weka kidole kwenye kikaza kwa uzito mdogo, kama unavyogusa jani ukitaka kujua kama limekauka. Tembeza ndoano kutoka nyuma kuja mbele. Pini zilizo huru zitacheza kama kitufe cha kalamu, moja tu itakuwa ngumu. Inue hiyo polepole. Utasikia mlio mdogo mno, au utahisi kiini kikivuta pumzi. Usiifurahie, tafuta inayofuata.

Ikiwa kila pini ni ngumu, umekaza mno. Legeza zote, anza upya. Ikiwa hakuna iliyo ngumu, umekaza kidogo mno. Makosa tisa katika kumi ni ya kukaza mno, nami nadhani hilo hutokana na haraka. Tenga dakika ishirini kwa siku, usizidishe. Mkono uliochoka hudanganya.

Ukikuta ndoano yako haifiki mahali, usilaumu kufuli. Rudi kwenye jiliwa, ongeza au punguza. Hapo ndipo utakapoona faida ya kuchonga mwenyewe: mwenye vifaa vya dukani hulazimika kuibadili mikono yake ifuate kifaa, wewe unakibadili kifaa kifuate mkono.

Utakachojifunza kuhusu nyumba yako

Baada ya miezi michache utaangalia mlango wako kwa macho mapya. Utajua kwamba kufuli linalofunguka kwa dakika moja mikononi mwa anayejifunza halifai kwenye lango. Utaanza kuulizia makufuli yenye pini za usalama, zile zenye kiuno katikati, ambazo hukupa hisia ya uongo kwamba umefika kumbe bado. Utaichunguza pete: iwe nene, ya chuma kigumu, na bora iwe imefichwa na mabega ya kufuli ili msumeno usipate pa kuingia.

Utagundua pia kwamba mwizi wa kawaida habembelezi pini. Anatumia nondo na nguvu. Kwa hiyo angalia komeo na pete za mlango kuliko kufuli lenyewe. Nimeona makufuli ya bei ghali yakining'inia kwenye komeo lililoshikiliwa na skrubu nne zinazoonekana kwa nje. Mwenye bisibisi hahitaji ufunguo. Weka boliti zinazopita mbao hadi upande wa pili, nati zikae ndani.

Na kabla ya masika kuanza mwezi Machi, hudumia makufuli yako yote. Yatoe vumbi, saga risasi ya penseli iwe unga, ipulizie ndani ya tundu la ufunguo, ingiza ufunguo mara kadhaa. Risasi ya penseli hulainisha bila kunasa vumbi. Mafuta yaweke kwenye pete, na ndani yatie tu pale kutu imekwisha kushika, kama lile la bibi. Kufuli la nje lifunike kwa kipande cha tyubu mvua isiliingie.

Kwa kijana anayetaka kwenda mbali zaidi

Burudani hii inaweza kufungua mlango wa kazi. Wachonga funguo wanaokaa na mashine zao karibu na soko ni watu wa kuheshimiwa, na wengi wangefurahi kumpata msaidizi ambaye tayari anajua kiini ni nini na pini ni nini. Anayependa chuma chenyewe atafute mafunzo rasmi. VETA wana chuo hapa hapa Kihonda, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, linawasaidia wanaotaka kugeuza ufundi kuwa biashara. Na ukipanda mlimani, ukamkuta mhunzi anayefua panga kutokana na springi za gari, kaa chini utazame anavyosoma rangi ya moto. Somo la joto nililokupa juu, yeye analo kwenye damu.

Lakini hata usipoufanya kuwa kazi, jioni chache kwenye jiliwa hazitapotea. Utakuwa umejifunza kuondoa kidogo, kupima, kukosea bila kukasirika, na kusikiliza kwa vidole.

Ndani ya sanduku la bibi mlikuwamo kanga ambazo hazijavaliwa, vitenge viwili, kadi yake ya kliniki na picha ya babu akiwa kijana. Chini kabisa, kwenye kona, palikuwa na kifundo cha kitambaa cheupe. Mjomba alikifungua. Mlikuwa na funguo mbili za akiba za kufuli lile lile, bado zimefungwa kwa waya wa dukani. Basi nawe usifiche ufunguo wa akiba ndani ya kitu unachofunga. Mpe mtu unayemwamini.

Mjomba aliuchukua mmoja, mwingine akampa mama yangu mdogo. Kisha akarudisha vitu vyote ndani, akafunika, akapachika kufuli na kulibana kwa kiganja. Likalia tii. Akaujaribu ufunguo, likafunguka, akalifunga tena. Hadi leo lipo Nyandira, kwenye sanduku lile lile, na bado linafunga.